Boksi la Kadi Lisilo na Gundi

Wenzangu mliobaki karakanani mmeniomba niandike namna ya kukunja boksi la kadi, kwa sababu mnasema nikieleza kwa mdomo naenda haraka na mikono yangu inawaacha. Haya, nimekaa. Nimestaafu, muda ninao, na macho bado yananitosha kuandika mchana. Cheo nilichofikia na mshahara nilioondoka nao sitavigusa. Cheo hakikubadilisha mkunjo wa karatasi, na mshahara haukubadilisha chochote. Nitaandika nilivyoanza, nilivyofundishwa, na jambo moja gumu lililotupata, ambalo baadhi yenu mmelisikia vipande vipande na kulipamba mno.

Nilikuja Katesh msichana wa kumaliza darasa la saba, natoka juu, upande wa Mbulu, ambako asubuhi ukungu unakaa mpaka ng'ombe wanatoka zizini hawaonani. Katesh ilinishtua kwa upepo. Ulishuka kutoka Mlima Hanang na vumbi lake, na majira ya mavuno vumbi lile lilichanganyika na makapi ya ngano kutoka mashamba makubwa ya serikali. Malori ya shamba yalipita mjini kutwa. Kila familia ilikuwa na mtu wake shambani, kama si dereva wa trekta basi fundi, mlinzi au mpishi. Mimi sikupata kazi huko. Katekista wetu alinipeleka kwenye karakana ya kadi ya akina mama, iliyokuwa stoo ya zamani ya unga, na mpaka leo nikisikia harufu ya unga mkavu najiona nimechelewa kazini.

Aliyenipokea alikuwa Bi Mwajuma, Bibi Maendeleo aliyeletwa na serikali kutoka Tabora kutusimamia. Alikuwa mrefu, mtandio kichwani, miwani imefungwa uzi mahali palipovunjika. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba sisi tuliokuwa tukikichanganya na Kiiraqw tulipendelea kumjibu kwa kutikisa kichwa.

"Shikamoo, Bi Mwajuma."

"Marahaba, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Martina."

"Umewahi kukunja nini, Martina?"

Nilifikiri sana, nikidhani ni mtihani. "Nguo. Na blanketi."

"Leo utakunja karatasi. Ukichoka, utakunja tena."

Alinipa mfupa wa ubavu wa mbuzi uliokwanguliwa hadi ukawa laini kama sabuni, na rundo la magazeti ya zamani. Nilikunja magazeti siku nzima. Jioni alipita, akachukua moja, akaliweka juu ya jingine, akaona pembe hazilingani, akaondoka bila kusema neno. Nilimchukia kwa muda wa wiki hivi. Baadaye nilikuja kuwafanyia hivyohivyo ninyi nyote, na najua mlichosema nyuma yangu, maana ukuta wa stoo ile ni wa mabati.

Kadi zetu zilitengenezwa kwa mabua ya ngano. Mabua yanayoachwa na kombaini hayafai, yanakuwa yamepondwapondwa, kwa hiyo tuliomba ruhusa kuingia pembezoni mwa shamba na mundu kabla mashine haijafika. Unaloweka bua kwenye maji, unalipasua kwa wembe, unalilaza kwa pasi ya mkaa mpaka linang'aa kama utepe wa dhahabu. Kisha unakata vipande na kubandika juu ya manila, ile karatasi ngumu ya kadi: korongo, mgunga, mlima, ng'ombe. Wanunuzi wetu wakubwa walikuwa wataalamu wa kigeni waliokaa kwenye mashamba, waliotuma kadi kwao kila Krismasi, na maduka mawili matatu ya Arusha. Kadi ya mabua ni kitu cha kuvunjika. Ikikandamizwa, bua linapasuka na ng'ombe anabaki na miguu mitatu. Ndiyo maana boksi lilihitajika.

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo watu wa nchi isiyo na ngano wasingelifanya. Maboksi ya kwanza tuliyabandika kwa gundi ya unga. Unga wa ngano ulikuwa kila mahali, hata mfagio wa stoo ulitoka na unga, nasi tuliipika gundi ile vizuri kabisa, nzito, bila madonge, tukajisifu. Tukajaza rafu nzima kwa ajili ya Krismasi, tukafunga mlango, tukaenda makwetu kupalilia. Tuliporudi, kila boksi lilikuwa limelala chali, kuta zimeanguka pande nne. Panya walikuwa wamekula pembe tu, pale penye gundi, kwa uangalifu ambao sisi wenyewe hatukuwa nao. Kadi hawakuzigusa, kwa sababu hizo zilibandikwa kwa gundi ya dukani. Bi Mwajuma alisimama katikati ya stoo, akavua miwani, akacheka mpaka akashika meza.

"Jamani," alisema, "tumewapikia uji."

Kuanzia hapo aliamuru boksi lisilo na gundi. Akatuambia pia tusilikate popote, kwa sababu wembe ni wa mabua na haununuliki kirahisi. Karatasi nzima iingie, boksi zima litoke. Alijifungia na manila kwa siku kadhaa, na alipotoka alikuwa nalo mkononi. Ndilo mnalolikunja mpaka leo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mnapokosea. Kabla ya kitu chochote, tafuta nyuzi za manila zimelala upande gani. Ikunje kidogo bila kuivunja, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Upande inaokubali kwa urahisi ndio upande wa nyuzi. Kuta ndefu za boksi zifuate nyuzi hizo. Ukikaidi, mkunjo utachanika juu kama kisigino cha kiangazi. Kuta fupi haziwezi kukwepa kukata nyuzi, kwa hiyo huko pitisha kwanza kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri, halafu ndipo ukunje.

Pili, mistari. Tumia rula ya chuma na biro iliyokwisha wino. Bonyeza, usikwaruze. Kila ukuta una mistari miwili: wa ndani ni kitako cha boksi, wa nje ndipo ukuta unapojikunja kurudi ndani. Pembeni, mahali kuta mbili zinapokutana, piga mstari wa mshazari. Simamisha kuta, pembe itajibana yenyewe kama pembe ya bahasha. Ilaze kwenye ukuta mfupi, kisha ukunje ukingo wa juu wa ukuta huo uifunike na kuishika. Hakuna gundi, hakuna pini. Maliza kila mkunjo kwa mfupa, usitumie ukucha, kwa sababu ukucha unaacha alama na wanunuzi wa Arusha wana macho. Kifuniko ni boksi lilelile, kimezidi kitako kwa unene wa sarafu kila upande.

Na tena: msipime kifuniko siku ya mvua. Manila inakunywa unyevu. Tuliwahi kukunja maboksi Mbulu, kwenye mafunzo ya kanisa, ukungu ukiingia hadi dirishani, na yote yalifunga vizuri. Tulipoyashusha Yaeda Chini kwa mwalimu mmoja aliyeyaagiza, jua la bondeni lilikausha vifuniko vikajipinda kama chapati iliyosahaulika. Yule mwalimu alitushukuru hata hivyo. Alisema anawekea chaki.

Miaka mingine naipita haraka, mnaijua. Mashamba ya ngano yalidorora, wataalamu wakarudi kwao, na sisi tukageukia kadi za kipaimara, za harusi na za mahafali. Kisha zikaja simu, na watu wakaanza kutumiana maua ambayo hayana harufu wala bei. Karakana haikufa. Inakohoa, lakini haikufa. Jambo gumu nililosema lilitokea kabla ya hayo yote, ngano ikiwa bado ngano, na lilimhusu Basilisa.

Basilisa nilianza naye, meza moja. Alikuwa fundi wa mabua kuliko sisi sote. Korongo wangu walionekana wamesimama kupigwa picha, lakini ng'ombe wa Basilisa walitembea, na nyuma ya kila ng'ombe aliweka ndama anayekimbia kumfikia. Mumewe, Tluway, alikuwa dereva wa trekta shambani. Walipopata mtoto, Basilisa alikuja naye kazini, na alilala chini ya meza yetu ndani ya boksi kubwa lililoletea manila. Aliitwa Yohane. Akilia, mtu yeyote aliyekuwa karibu alimtikisa kwa mguu huku akiendelea na kazi. Tulimpenda sana.

Yohane alishikwa na homa wakati wa mvua kubwa, barabara ikiwa imekatika, na alifariki kabla hawajafika hospitali. Alikuwa bado ananyonya.

Wenye asili ya huku hawahitaji kuelezwa kilichofuata, lakini baadhi yenu mmetoka mikoa mingine, kwa hiyo naeleza. Kwetu Wairaqw, zamani, nyumba iliyofiwa na mtoto wa namna hiyo ilijitenga. Mama hakwenda sokoni wala mtoni na wenzake. Hakushikana mkono na mtu. Hakunywa kwenye chombo cha mwingine, na chombo kilichoingia kwake hakikutoka tena. Hali hiyo iliitwa metimani. Ilidumu kadiri wazee walivyoona, wakati mwingine mwaka na zaidi. Wajawazito ndio waliotakiwa kukaa mbali kuliko wote, kwa sababu iliaminika kifo kile kinaweza kuhamia tumboni. Serikali ilishaikataza mila hiyo, na kanisa lilishaikataza kabla yake. Jumapili tulikubali wote kwamba imekwisha. Jumatatu, tukimwona kwa mbali aliyefiwa, tulibadili njia.

Basilisa alipelekwa kwa wakwe zake, juu, jirani na nyumbani kwetu. Alipewa kibanda chake upande wa pili wa shamba la mahindi. Mama mkwe wake, Mama Tluway, alimpelekea chakula kila siku na kukiacha juu ya jiwe kubwa lililokuwa mpakani. Mama yangu alinipa habari nilipokwenda kumsalimia. Alisema Basilisa haongei tena. Anakaa mlangoni na mikono imelala mapajani. Chakula anakiacha mpaka kuku wanakimaliza. Mama alinieleza hayo kwa sauti ya kawaida ya kutoa habari, halafu akaongeza, "Huyu hatafika mwisho."

Nilirudi Katesh na maneno hayo. Bi Mwajuma alinisikiliza hadi mwisho.

"Mpelekee kazi," alisema. "Mabua, manila, wembe. Mikono yake ipate la kufanya."

"Kitu kikiingia kule hakitoki, Bi Mwajuma."

"Basi kiingie tu. Kutoka tutajua baadaye."

Mimi nilitaka kitoke. Kazi isiyomfikia mnunuzi ni ya kupitisha muda tu, na Basilisa angelijua hilo siku ileile. Nilipanga mabua yaliyokwisha kulainishwa ndani ya boksi moja lenye kifuniko chake, nikaongeza manila zilizokatwa, chupa ya gundi na wembe mpya, nikapanda lori la shamba. Niseme sasa, kwa sababu ndiyo kiini cha habari: nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, na ilikuwa inaonekana.

Mama Tluway alinikuta kwenye jiwe. Alikuwa mama mfupi, shuka begani, jembe mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe si binti wa kwa Amsi?"

"Ndiye mimi."

"Na tumbo hilo unalileta huku?"

"Nimemletea Basilisa kazi. Akimaliza nije niichukue."

Alilitazama boksi. "Hicho ni chombo. Chombo hakitoki kule. Mama yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha, Bibi. Lakini hebu tazama."

Nilitoa vitu vyote nikaviweka juu ya jiwe. Kisha nikafungua ukingo wa boksi, nikaachia pembe, kuta zikalala, na boksi likawa manila moja bapa, nzima, bila tundu. Nikampa.

"Ni karatasi tu, Bibi. Haijakatwa wala haijabandikwa."

Aliigeuza. Akainusa. Akaitazama kwenye mwanga kama mtu anayetafuta uongo ndani yake.

"Ifunge," alisema.

Nikaifunga.

"Ifungue."

Nikaifungua. Alinifanya nirudie hivyo mara kadhaa, na ingawa uso wake haukukubali, niliona anafurahia.

"Wazee hawakusema kitu kuhusu karatasi," alisema hatimaye. "Hawakuwa nayo. Lakini ikifungwa inakuwa chombo, nimeona kwa macho yangu. Basi iingie ikiwa chombo, itoke ikiwa karatasi. Na msipokezane mkono kwa mkono."

Basilisa alikuwa ametoka mlangoni kwake, ng'ambo ya mahindi. Alikuwa amekonda, nguo imemzidi. Nilisogea hatua chache bila kufikiri, naye akanyoosha kiganja.

"Martina! Usije. Una mtoto tumboni."

"Nimekuletea mabua."

"Nimeyaona. Acha hapo. Rudi, tafadhali, rudi."

Ndiyo sauti ya kwanza aliyoitoa tangu msiba, na aliitumia kunifukuza kwa ajili ya mtoto wangu. Nilishuka njia nzima nalia, na dereva wa lori alidhani nimefiwa mimi.

Nilipokwenda tena, nilikuta mzigo juu ya jiwe. Manila ya kitako ilikuwa imekunjuliwa chini, kadi zimepangwa katikati yake, manila ya kifuniko imelazwa juu, vyote vimefungwa kwa kamba ya katani. Boksi lilikuwa limetoka likiwa karatasi, kama tulivyoagizwa. Nilishika kamba tu, nikaubeba mzigo mpaka Katesh.

Karakanani niliuweka mezani na kuikata kamba. Wenzangu walikuja kuangalia, halafu, mmoja baada ya mwingine, wakarudi nyuma. Hakuna aliyepanga. Anjelina, fundi wetu wa pasi, aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni, ndiye aliyesema.

"Ziondoe hapa, Martina. Na wewe hasa usiziguse."

"Ni kazi ya Basilisa."

"Najua ni ya nani. Nampenda kama wewe. Lakini nina huyu mgongoni."

Bi Mwajuma alisogea mezani. "Nikizipanga mimi?"

"Samahani, Bi Mwajuma," Anjelina alisema kwa adabu. "Wewe si wa huku. Haikupati. Ukizishika wewe, sisi hatutajua kitu."

Bi Mwajuma aliondoa mkono wake mezani. "Ni kweli," alisema. "Sikukua na hofu hii, na siwezi kuwaamuru muiache. Mtakachoamua ndicho kitakachokuwa."

Akakaa kwenye kiti chake. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa mambo yote aliyonifundisha.

Nilizitazama kadi. Ng'ombe walikuwa wanatembea kama kawaida yake. Lakini kila ng'ombe alikuwa amegeuza kichwa, anaangalia nyuma, na nyuma hapakuwa na ndama. Kadi zote. Alikuwa amekaa peke yake kule juu, akakata shingo ile kadi baada ya kadi.

Msinisifu kwa ushujaa. Niliogopa sana. Kama mtoto wangu angekufa, hakuna ambaye angetaja malaria wala barabara. Wangesema ni Basilisa. Asingerudi kazini kamwe, asingeshika mtoto wa mtu kamwe, na mimi ningekuwa nimemfunga kamba hiyo kwa mikono yangu. Hilo ndilo lililokuwa mezani, kwake na kwangu. Lakini kama ningezirudisha kadi zile, Basilisa mwenyewe angekufa, tena mapema.

Nilivuta manila ya chini, nikasimamisha kuta. Nikabana pembe, nikakunja ukingo, nikapitisha mfupa. Nilichukua kadi moja moja kwa vidole vitupu nikazipanga ndani. Kisha nikakunja kifuniko na kukifunga. Kilikaa sawasawa. Mtoto wa Anjelina alikuwa ananyonya kona ya kitenge.

Kuanzia siku ile nilikuwa nusu metimani mimi mwenyewe. Wenzangu hawakunitukana. Walinisalimia vizuri, wakaniuliza hali, ila kikombe changu kilikaa peke yake kwenye rafu, na Anjelina alinisogezea pasi kwa fimbo, akiomba radhi kila mara. Mama yangu alishuka kutoka Mbulu, akalia, akarudi bila kula kwangu. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi na msomaji wa magazeti, aliniambia mambo hayo ni ujinga mtupu. Ila alianza kuwahi kurudi nyumbani, na kila akiingia alitazama tumbo kwanza, uso baadaye.

Niliendelea kupanda lori. Kadi zilishuka na boksi likiwa karatasi, nikalikunja upya Katesh. Wataalamu walizipenda, wakauliza mbona ng'ombe anaangalia nyuma. Bi Mwajuma akawaambia ndivyo ng'ombe wa huku walivyo. Basilisa alianza kula, Mama Tluway mwenyewe ndiye aliyeniambia, kwa sauti ya mtu anayelalamikia ulafi. Tumbo lilipokuwa zito, Basilisa alinikataza kupanda. Alisimama kule mlangoni akapaza sauti kwamba nikija tena hatakata bua hata moja. Nikakaa.

Nilijifungulia kituo cha afya cha Katesh. Uchungu ulikuwa mrefu, na nesi alipomtoa mtoto hakulia. Sijui ulikuwa muda gani. Mtu akiwa pale hahesabu. Niliwaza jina la Basilisa tu, nikiomba asijue kwamba nimejifungua leo. Kisha mtoto akakohoa, akalia, akaendelea kulia kama mtu aliyecheleweshewa chakula. Alikuwa msichana.

Nilirudi nyumbani. Kwa kawaida mzazi hufuatwa na wanawake, huyu na uji, huyu na kuni, huyu na maneno mengi. Kwangu hakuja mtu. Walikuwa wanasubiri kuona kama mtoto ataendelea kuishi. Bi Mwajuma alikuja, akapika, akafua, akaenda. Mume wangu aliunguza uji mara mbili. Nilikaa na mtoto wangu kifuani, na kila alipolala nilimwekea kidole puani.

Siku ambayo lori la shamba lilishuka kutoka Mbulu, nilisikia hodi. Ilikuwa sauti ya mzee.

"Karibu. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Lete huyo mtoto."

Mama Tluway aliketi kwenye kigoda, akamfungua mtoto nguo zote. Akamgeuza mgongo, akamgeuza tumbo. Akatazama masikio, nyayo, akafungua kiganja kimoja, halafu kingine. Mtoto alimkojolea. Akajifuta kwa shuka bila haraka.

"Mzima," alisema. Kisha akageukia mlango. "Wewe nawe, mbona umesimama nje kama mgeni? Ingia."

Basilisa alikuwa nyuma ya mwimo, amejificha nusu. Aliingia akitembea kando ya ukuta, mikono ameifumbata ndani ya kitenge.

"Mshike," Mama Tluway alisema.

"Mama, mwaka haujaisha."

"Ni mimi ninayeuhesabu. Umeisha. Mshike mtoto."

Basilisa alinitazama mimi, akisubiri nikatae. Nilimchukua mtoto kutoka kwa bibi nikamweka mikononi mwake, na mikono ile ikajua yenyewe namna ya kumshika.

"Sasa mpe mwenzako uji," Mama Tluway aliniambia. "Mmekaa mbali vya kutosha. Kwenye kikombe chako."

Nilimimina uji kwenye kikombe changu. Nilikunywa kidogo, nikampa. Mikono yake yote ilikuwa imemshika mtoto, kwa hiyo nilimshikia kikombe mpaka akamaliza.